Mbunge Wetu wa Kusimama

Mhariri amenilalamikia kwamba karatasi zangu zinafika ofisini kwake zinanuka dagaa. Ni kweli. Naandikia hapa barazani kwangu Mukendo, Musoma mjini, mkono mmoja unachambua, mkono mwingine unaandika. Anayetaka hadithi isiyonuka amtafute mwandishi wa Dar es Salaam.

Na wale waliouliza kama nilikufa pale nyuma ya ghala la pamba, jibu ni hapana. Ningekufa ningewaambia.

Tulikuwa tumefika hapa: mwaka wa sabini na tano, kijiji chetu cha Kirumatare, kati ya Kiabakari na Bunda, mimi Wankyo nimelala kifudifudi, mdomo umejaa mchanga, na goti la Magesa liko mgongoni mwangu.

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma, nitaeleza haraka, maana goti linauma.

Mimi niliolewa na mwanamke. Msishtuke, ninyi wa pwani. Kwetu Mara mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe zake akaoa mke, na watoto wa huyo mke wanakuwa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Boke ndiye aliyenitolea ng'ombe. Kwa hiyo Boke alikuwa mume wangu, ingawa nilimwita mama, na kwa mila alikaa na wanaume kwenye chungu cha pombe na mrija wake mkononi.

Magesa alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Boke. Yeye alisema ng'ombe walionioa walikuwa wa kaka yake. Kwa hiyo mimi ni wa kaka yake. Kaka yake kafa. Malizia mwenyewe.

Na uchaguzi je? Mwaka ule nchi nzima ilipiga kura za ubunge, alama ya jembe kwa ya nyumba, lakini sanduku halikutufikia. Operesheni ya vijiji ilikuwa imetutoa mlimani ikatumwaga barabarani, ng'ambo ya kijito cha mpaka wa majimbo. Wa upande huu wakasema sisi ni wa kule. Wa kule wakasema sisi ni wa huku. Tukabaki bila mbunge, kama mbuzi aliyekataliwa minada yote.

Wazee wakasema basi, tutachagua wetu wenyewe. Hatakuwa na kiti, hatakuwa na mshahara, Bunge halitamjua hata jina. Kazi yake ni kwenda Musoma kusimama kwenye mlango wa wakubwa mpaka wamsikilize. Tukamwita mbunge wa kusimama.

Tulidhani serikali itatukasirikia. Wapi. Ndugu Leodgar, afisa aliyekuwa akigawa viwanja vya vijiji vipya, alifurahi kama aliyepunguziwa mzigo.

"Chagueni," alisema. "Nitakuja Jumamosi. Nimechoka kubishana na kila mtu. Mtakayemchagua ndiye nitakayemuuliza kila nyumba ni ya nani, na atakalosema ndilo hilo hilo."

Waliosimama kugombea wakawa wawili, Boke na Magesa.

Boke akishinda, nyumba ya Boke inabaki ya Boke na mimi nabaki mkewe. Magesa akishinda, nyumba ya Boke inakuwa ya Magesa, pamoja na vilivyomo. Na mimi nilikuwa humo.

Haya, turudi kwenye goti.

"Nenda kamwambie shemeji ajitoe," Magesa alisema juu ya kisogo changu.

Nikatema mchanga. "Nitamwambia."

"Utamwambiaje?"

"Kwamba umenituma. Halafu atacheka. Unajua anavyochekaga, mpaka kikohozi kinamshika."

Akanishika nywele akanigonga uso chini. Jino langu la mbele liliondoka pale, sikuliona tena. Mwanawe Mniko alikuwa amesimama pembeni na shati lake la mgambo na rungu, anacheka kwa niaba ya Boke.

"Jumamosi jioni unalala kwangu," Magesa alisema. "Ukija kwa miguu, sawa. Ukija umebebwa, sawa."

"Nitapika nini?"

Hapo ndipo aliponipiga teke la mbavu. Nadhani alitaka nilie. Mimi nikiwa naumwa sana huwa nauliza maswali ya kipuuzi, ndivyo nilivyoumbwa.

Boke alinikuta mlangoni nimeshika ukuta. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kiko hakitoki mdomoni hata akiwa anasonga ugali. Hakupiga kelele. Aliweka maji ya chumvi motoni.

"Nani?"

"Shemeji yako."

"Kwa rungu?"

"Kwa goti. Rungu lilikuwa la Mniko, hakulitumia."

"Analitunza la Jumamosi," alisema. "Fungua mdomo."

Alinisafisha fizi kwa kitambaa na mimi nikamuuma kidole bila kukusudia. Halafu nikakusudia kidogo, maana nilikuwa nimemkasirikia tangu Jumatano.

Jumatano ndiyo siku ya kikao cha kuamua nani atapiga kura. Boke alikuwa na akina mama wote na vijana wengi. Magesa alikuwa na wazee. Kura ya wote ingemzika Magesa mchana kweupe. Akasimama, akajifunga blanketi vizuri.

"Hii siyo kura ya serikali," alisema. "Ni kura yetu. Basi ipigwe kwa mila yetu. Apige mwenye mrija."

Wazee wakaitikia.

Mrija, kwa msiojua, ni ule wa kunywea pombe ya chungu. Mtu akishakuwa mkuu wa mji wake anakatiwa wa kwake, mrefu, unachorwa alama zake, na hakuna mwingine anayeutia mdomoni. Unajulikana kama uso wake. Magesa akasema viwekwe vyungu viwili, cheusi cha Boke, chekundu chake. Kila mwenye mrija atumbukize wa kwake anapotaka.

Wanawake hawana mrija. Vijana hawana. Wenye nyumba ntobhu wanao, ni kweli, lakini walikuwa wachache.

Akina mama walianza kupiga kelele. Boke akatoa kiko mdomoni.

"Nakubali," alisema, akakaa.

Ndiyo maana nilimuuma.

"Kwa nini ulikubali?" nilimuuliza damu ikiwa imepungua. "Umeniuza mchana."

"Wankyo, mwanangu. Mzee akifa, mrija wake unafanywaje?"

"Unavunjwa."

"Lini?"

"Siku ya kumaliza matanga. Wazee wanapikiwa pombe ya mwisho, wanakunywa, wanauvunja."

"Na tangu tuhamishwe hapa, nani kapikiwa pombe ya mwisho?"

Nikahesabu kwa vidole.

Hakuna. Maghala ya mtama yaliungua mlimani pamoja na nyumba, wale walioleta malori waliyachoma mbele yetu ili tusirudi. Mvua zikaanza hatujaezeka. Wazee wetu walikufa mwaka ule kama kuku wa kideri, chini ya maturubai, na tuliwazika haraka haraka. Nani angepata mtama wa kupika pombe? Mirija yao ilikuwa imechomekwa kwenye nyasi za vibanda vya wajane wao, inasubiri.

"Mama," nikasema. "Unataka wafu wapige kura?"

"Mimi sitaki chochote. Wajane wao ndio watapenda kujua."

Basi kesho yake nikazunguka. Uso umevimba, mbavu zimefungwa khanga, nikapita kila kibanda chenye mjane nikiomba chumvi. Siku ile niliomba chumvi ya kutosha kukausha sangara.

Kumbuka sisi hatukuwa peke yetu kazini. Ijumaa asubuhi Mniko na wenzake wawili walikwenda kwa Kwangu. Kwangu naye alikuwa mwanamke mwenye mke, rafiki wa Boke, mrija wake ulijulikana kwa shanga nyeupe. Walimkuta anapalilia. Wakamkalisha kwenye tuta, mmoja akamshika mikono, mmoja akamshika taya, na Mniko akauvunja ule mrija vipande vipande, akamlisha. Alimtafunisha wote. Mrija ni mgumu, unachana kama wembe. Akisita kutafuna, anapigwa rungu la bega.

Alikuja kwetu anatembea mwenyewe, kifua chote kimelowa damu. Mkewe anakuja nyuma yake analia.

"Umekula?" Boke alimuuliza, maana kwetu ndiyo salamu.

"Nimekula," Kwangu alisema kwa ulimi uliochanika. "Chumvi tu ndiyo hawakutia."

Boke hakucheka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliogopa kweli.

Jumamosi asubuhi watu walijaa mbele ya ghala la pamba. Mizani ilikuwa bado inaning'inia pale na mawe yake ya chuma yamepangwa chini, maana msimu ulikuwa umeisha juzi tu. Katikati vyungu viwili. Nyuma ya vyungu alikaa mzee Keraryo, mkubwa kuliko wote, jicho moja limekufa, lile lililobaki linaona la wawili. Yeye ndiye aliyekatia watu mirija miaka yote. Alikuwa anaijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe.

Walianza watu wa Magesa. Mmoja mmoja wanatumbukiza kwenye chungu chekundu, wanamtazama Magesa usoni wahakikishe kawaona.

Mniko alikuwa amesimama karibu na chungu cheusi.

Mzee wa kwanza aliyekielekea alipigwa rungu la muundi, chini ya goti.

"Umekosea chungu, mzee wangu," Mniko alisema kwa adabu.

"Sijakosea."

Akapigwa tena. Mzee akapiga magoti. Akatambaa, mrija kauuma mdomoni, akaufikisha. Waliofuata walipigwa vile vile. Mmoja aligeuka akapeleka wake kwenye chekundu, na sikumlaumu, nilisikia mfupa wake ukilia. Waliobaki walipita wakichechemea. Mniko mwenyewe alianza kutoka jasho.

"Mpumzishe mkono, utauhitaji kulia ugali," Boke alimwambia, akatumbukiza wake. Yeye Mniko hakuthubutu kumpiga. Bado.

Chungu chekundu kilikuwa kimejaa. Cheusi kilikuwa na aibu. Magesa akaanza kupokea pongezi.

Ndipo wajane walipoanza kuja kutoka nyuma ya ghala, wamepangana, kila mmoja ameshika mrija mweusi kwa moshi.

"Hao wanakwenda wapi?" Magesa aliuliza.

"Kupiga kura," mmoja alisema. "Mume wangu anaumwa miguu, kanituma."

"Mume wako nilimzika mimi."

"Basi ndiyo unajua anavyoumwa."

Watu wakaanza kucheka. Magesa akamgeukia Keraryo. "Mzee, hawa ni wafu."

Keraryo alichukua mrija wa kwanza, akaupitisha kidole kwenye alama zake, akataja jina la mwenyewe. Akaukunja kidogo, haukuvunjika.

"Huu haujavunjwa," alisema. "Ambaye mrija wake haujavunjwa bado yuko kwenye chungu."

"Amekufa, mzee."

"Pombe yake ya mwisho ulinywea wapi? Mimi sikuiona. Nina kiu mwaka mzima." Akamrudishia mjane mrija. "Pita, mama. Msalimie."

Wakapita. Mniko aliinua rungu, halafu akalishusha. Kumpiga mzee ni jambo moja. Kupiga mrija wa mfu ni jambo jingine, hata mgambo ana bibi aliyemfundisha kuogopa. Chungu cheusi kikaanza kupanda.

Kosa lilikuwa lake Magesa mwenyewe. Yeye ndiye aliyetaka mila. Aliiita kama mtu anayeita mbwa wake, ikaja ikamshika mguu.

Akajaribu mlango mwingine.

"Huo mrija wa Boke utolewe," alisema. "Boke hana mrija. Anashika wa kaka yangu. Na mke aliyemuoa kamuoa kwa ng'ombe za kaka yangu. Vyote ni vya kaka yangu, na mimi ndiye niliyebaki."

Hilo lilikuwa na uzito. Wazee wakatazamana.

Boke akagonga kiko kwenye kisigino chake, akamwaga jivu.

"Shemeji, wale ng'ombe ulipowaona walikuwa wananuka nini?"

"Ng'ombe wananuka ng'ombe."

"Walinuka dagaa. Mimi nilinunua dagaa Mwigobero, kule ziwani, nikabeba kichwani, nikauza Butiama, nikauza Bunda, kichwa kikatoka upara, nikanunua ng'ombe. Kaka yako alikuwa ameshakufa. Na alipokuwa hai alikuwa hali dagaa hata umshikie panga. Muulize mama yako, alikuwa anamtapikia."

Watu walicheka mpaka wa upande wa Magesa. Kwangu alicheka damu ikamtoka upya. Keraryo akasema, "Mrija wa Boke niliukata mimi. Unabaki."

Na pale pale akatokea mama yake Magesa.

Alikuwa kikongwe, amepinda kama mundu, mama wa Magesa na wa yule marehemu. Mkononi ana mrija wa mumewe, baba yake Magesa, aliyekufa kwenye mvua za kwanza. Watu wakampisha. Magesa akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Huku, mama," akamwonyesha chungu chekundu.

Kikongwe akakipita. Akasimama kwenye cheusi.

"Mama, umekosea."

"Sijakosea. Baba yako alikuwa anasemaga Boke ndiye mwanaume aliyebaki kwenye nyumba yetu." Akautumbukiza.

Magesa akampiga.

Ilikuwa kofi la mkono wazi, shavuni. Kikongwe alianguka kama nguo iliyokatikiwa kamba. Sijui kama mnaelewa maana yake kwetu, mtu kumpiga mama aliyemzaa mbele ya wazee. Watu wake mwenyewe wakarudi nyuma, kama vile anatoa moto mwilini.

Boke ndiye aliyekwenda. Akapiga goti, akamwinua kikongwe kichwa, akampangusa.

"Shemeji," alisema bila kumtazama. "Umempiga mama."

Magesa alikuwa na panga chini ya blanketi.

Nililiona likipanda. Boke alilisikia, akainua mkono wa kushoto kujikinga, na vidole viwili vikaruka. Kimoja kiliangukia miguuni kwangu. Kilikuwa na pete ya shaba ambayo mimi ndiye niliyekuwa naisugua kwa majivu kila Jumapili.

Baada ya hapo sina mpangilio mzuri wa kuwapa. Uwanja wote ulipigana. Wazee waliopigwa miundi waliwakumbuka wapigaji. Wajane walikamata walichokamata. Kwangu, kwa meno yale yale aliyotafunia mrija, alimrukia Mniko shingoni akamng'ang'ania kama kupe, Mniko anazunguka naye, anapiga rungu nyuma bila kuona, akavunja chungu chekundu, akavunja na cheusi. Mirija ikatawanyika, watu wanaikanyaga, kura zote za walio hai na wasio hai zikawa majani.

Mzee Keraryo alipigwa jiwe la kichwa. Akakaa chini, damu inamfunika lile jicho zima, akainua mkono.

"Niliihesabu kabla haijavunjwa," alisema kwa sauti ya kikao. "Boke ameshinda."

Waliokuwa wanakabana koo walisimama kusikiliza matokeo. Walipoyasikia, wakaendelea.

Magesa alikuwa amesimama juu ya Boke. Boke hakukimbia, alikuwa amemlalia kikongwe amkinge. Panga likapanda mara ya pili.

Mimi nilikuwa na jiwe la mizani. Sikumbuki kuliokota. Lile la chuma, lenye kishikio juu, linalopimia magunia ya lumbesa. Nilikuja kwa nyuma nikampiga nalo juu ya sikio, mikono miwili, kama natwanga.

Panga likaanguka kwanza. Halafu yeye. Akatoa mguu mmoja kama anayejinyoosha, akatulia. Damu ikamtoka sikioni, ikaingia mchangani.

Nilichowaza ni kwamba sasa sitapika kule.

Bunduki ikapigwa hewani na kila mtu akalala chini. Landrova ya Ndugu Leodgar ilikuwa imesimama barabarani na askari wawili wanashuka. Alikuwa amekuja kuuliza nyumba ni za nani, maskini, na shati lake jeupe.

"Ndugu wananchi," alisema. "Huu ni uchaguzi?"

"Umekwisha," Keraryo alisema. "Umechelewa."

Askari mmoja alimgeuza Magesa kwa buti. Akainama, akashika shingo, akatikisa kichwa. "Huyu kaenda."

"Nani kampiga?" Leodgar aliuliza.

Jiwe lilikuwa bado mkononi mwangu. Kabla sijafungua mdomo, mkono mrefu mkavu ulilichukua. Boke alikuwa amesimama, mkono wa kushoto ameuviringisha khanga iliyogeuka nyekundu yote.

"Mimi," alisema.

"Wewe ni nani, mama?"

"Mbunge."

Leodgar alimtazama yule mzee aliyejaa damu. Keraryo akaitikia kwa kichwa. "Ndiye."

"Mama," nikasema, "siyo..."

"Nyamaza." Aliniambia hivyo kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kama ananikumbusha sufuria jikoni. "Wewe ukienda, nyumba inakufa. Mimi nikienda, nyumba ina mke. Kaa."

Pingu hazikuwezekana kwa mkono ule. Wakamfunga viwiko kwa kamba ya marobota ya pamba, wakampandisha nyuma ya gari. Tulikuwa tumemchagua aende Musoma, akaenda Musoma. Hakuna mbunge aliyetimiza ahadi upesi kama wangu.

Nilitaka kupanda. Askari akanirudisha kwa kitako cha bunduki, palepale kwenye mbavu za Magesa. Naziita hivyo maana ni yeye aliyezivunja.

Leodgar aliweka mguu mmoja garini, halafu akaushusha. Alikuwa mtu wa kazi.

"Sirudi huku tena mwaka huu," alisema. "Viwanja ninavimaliza leo. Mbunge wenu namchukua. Aliyefuata kwa kura ni nani?"

Watu wakatazama mchanga.

"Wa pili ndiye huyo aliyegeuzwa kwa buti," Keraryo alisema hatimaye. "Amekufa."

"Wa tatu?"

"Walikuwa wawili."

Leodgar akafikiri. Akajipangusa jasho. Nikaona uso wake unalainika, kama wa mtu ambaye kazi imempungukia tena.

"Basi nitawauliza ninyi wote," alisema. "Tuanze na ya huyu mama ninayemchukua. Nyumba ya Boke ni ya nani?"

Keraryo akanigeukia. Wajane wote wakanigeukia. Kwangu akaniinulia kidevu, nenda, sema. Kule nyuma ya gari nikamwona Boke amebana uso kwenye wavu, ananisubiri.

Nikavuta pumzi.

"Yangu," ilisema sauti kutoka chini.

Maiti ya Magesa ilikuwa imekaa kitako. Sikio limefunikwa na damu iliyogandamana na mchanga, jicho moja halifunguki. Alitazama vyungu vilivyovunjika, akatazama gari, akaanza kutafuta panga lake kwa kupapasa, na alipolikosa akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi ndiye wa pili," alisema. "Niulize mimi."

Leodgar aliangalia saa yake. Dereva akawasha gari. Na mimi nikahisi vidole vya Mniko vinanishika kiwiko, taratibu, bila nguvu, kama mtu anayemsindikiza bibi harusi.